Ajali za Kitonga huanzia juu ya mlima

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme machache kuhusu malori yanayoanguka katika Mlima Kitonga, mkoani Iringa, na katika miteremko mingine ya barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma, kama ile ya Inyala na Iwambi huko Mbeya. Mimi ni dereva wa malori, na barabara hiyo nimeipita nikipeleka mafuta na mbolea Zambia na kurudi na shaba ya Kongo. Kila lori linapoanguka, taarifa huwa ni ile ile: breki zimefeli, lori lilikuwa katika mwendokasi, na dereva ama amefariki ama anatafutwa na polisi. Taarifa hiyo si ya uongo, lakini inaeleza dakika ya mwisho tu, na ndiyo maana hatua zinazofuata, yaani vibao vya tahadhari na askari mwenye tochi chini ya mteremko, haziligusi tatizo lenyewe.

Kichwa na tela vikishiba mzigo vinaweza kufikia tani 56, ambazo ndizo ukomo wa Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya Kudhibiti Uzito wa Magari ya mwaka 2016. Uzito wa namna hiyo hauzuiliwi na breki za mguu peke yake kwa kilomita kadhaa mfululizo. Dramu, yaani chuma cha duara kinachozunguka na gurudumu, hupata moto, hutanuka na kwenda mbali na lainingi, yaani vipande vinavyolibana ili kulisimamisha, na lainingi zenyewe zikishaungua huteleza badala ya kushika. Dereva anakanyaga, upepo unaosukuma breki unafika, hakuna kilichokatika, ila gari halishikwi. Fundi akilikagua kesho yake, dramu zikiwa zimepoa, huenda asikute kasoro yoyote. Kinachotakiwa kulizuia lori mlimani ni injini, kwa gia ndogo na eksozi breki, yaani breki inayobana moshi wa injini, huku breki ya mguu ikiguswa na kuachiwa. Gia hiyo ni lazima iingizwe kabla gari halijaanza kuteremka, kwa sababu likishachukua kasi gia ndogo haikubali tena, na aliyeijaribu akaikosa hubaki na nyutro, bila msaada wowote wa injini, akiwa na breki ambazo tayari zinafuka moshi.

Kwa nini basi dereva mzoefu aanze kushuka na gia kubwa, au aachie gari likiwa nyutro kwa hiari yake? Jibu kubwa ni mafuta. Matajiri wengi hutoa mafuta kwa kipimo cha safari. Yakipelea, dereva hukatwa posho, na yakibaki huwa ndiyo nyongeza ya mshahara ambao kwa kawaida haumtoshi. Miteremko imegeuka kuwa mahali pa kufidia lita zilizoliwa na milima. Ajabu ni kwamba kwenye mteremko mkali hesabu hiyo haina faida, kwa kuwa injini ya kisasa ya dizeli ikiburutwa na gari likiwa kwenye gia hukata mafuta kabisa, ilhali kwenye nyutro huendelea kuyanywa ili isizime. Hilo wengi wetu hatukufundishwa. Tulijifunza kazi tukiwa utingo, kwa kumtazama dereva aliyetutangulia, na alichokosea yeye tukakirithi.

Jingine ni muda. Kampuni moja niliyowahi kuifanyia kazi, ambayo sina haja ya kuitaja, ilikuwa ikitupigia simu tukiwa tumeegesha juu ya mlima ili dramu zipoe, ikitaka kujua kwa nini gari limesimama. Kifaa cha kufuatilia gari kilimwonyesha mtu wa ofisini kwamba lori halitembei. Joto la breki hakikumwonyesha.

Nisisahau wanaopanda. Lori likishindwa katikati ya kona za Kitonga, utingo huruka na kuweka mawe nyuma ya matairi, jambo ambalo ni sahihi kabisa. Likiondoka, mawe hubaki barabarani, na usiku unapoyakwepa unaingia upande wa basi linaloshuka. Kuyaondoa ni kazi ya nusu dakika, na hapo sina wa kumlaumu zaidi ya sisi wenyewe.

Wenzetu wa Kenya walitenganisha njia ya kupanda na ya kushuka katika mteremko wa Sachangwan hadi Salgaa, baada ya ajali ya Migaa, kwenye mteremko huo huo, ya tarehe 31 Desemba 2017 iliyoua watu 36. Ukuta wa kati humlinda anayekuja mbele, nami ningefurahi kuuona Kitonga, lakini haulishiki lori lililokwisha kushindikana. Tarehe 30 Juni 2023, katika njiapanda ya Londiani, huko huko Kenya, lori liliacha barabara na kuua watu zaidi ya 50, wengi wao wakiwa wachuuzi na abiria waliokuwa kando ya barabara.

Kwa hiyo naiomba Wakala wa Barabara, pamoja na polisi wa usalama barabarani, waweke kituo cha lazima juu ya Kitonga, upande wa Ilula, ambapo kila lori lenye mzigo litasimama, dramu zipoe, upepo ujae, breki za tela zikaguliwe, na dereva aondoke hapo akiwa kwenye gia ndogo. Katika mizani ya Wenda tayari tunasimama wote bila ubishi, lakini pale tunaulizwa uzito tu. Chini zaidi, mahali ardhi inaporuhusu, zichongwe njia za dharura zenye kokoto nene zinazoelekea juu, ili aliyeshindwa awe na pa kuingia zaidi ya korongo au tela la mwenzake.

Na ajali inapotokea, polisi wanapodai leseni ya dereva, wamtake pia mwenye gari alete karatasi ya mafuta ya safari hiyo, ionekane alitoa lita ngapi na alimpangia dereva afike lini.

Dereva wa malori,
Makambako, Njombe.