Kifaa cha GPS kichaguliwe kwa mazingira ya porini, na kizoewe kabla ya safari

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaandikie wasomaji wanaoendesha pikipiki za matairi manne nje ya barabara katika mkoa wetu wa Tanga, wawe wasimamizi wa mashamba, waongoza watalii wa Pangani, au watu wanaotoka siku ya Jumapili kwa kuupenda mchezo huu tu, kama lilivyo kundi letu. Ninaona watu wakinunua vifaa vya GPS, yaani vya kuonyesha mahali ulipo kwa msaada wa satelaiti, kwa fedha nyingi bila kujua wananunua nini, kisha wakavibeba hadi porini bila kuwahi kuvijaribu hata uani kwao. Jambo hilo linanitia hofu, nami nitaeleza sababu yake.

Mwaka jana mwenzetu mmoja alipinduka katika mtaro wa shamba la mkonge kusini mwa mji wa Muheza, akaumia bega. Aliyewahi kuingia ndani ya mkonge anajua jinsi vitalu vyake vinavyofanana: mistari mirefu, njia zinazokatana kila baada ya hatua kadhaa, wala hakuna mti mkubwa au nyumba ya kumwelekeza mtu. Tulimpigia simu dereva aliyekuwa akitusubiri barabarani na gari, tukamsomea mahali tulipo kama kifaa chetu kilivyoonyesha: kusini nyuzi 5 dakika 12.450, mashariki nyuzi 38 dakika 47.300. Kifaa chake yeye kilikuwa kimepangwa kusoma nyuzi, dakika na sekunde, naye kwa nia njema akaingiza sekunde 45 upande mmoja na sekunde 30 upande wa pili. Kifaa kikazipokea namba hizo bila pingamizi, kwa kuwa zilikuwa namba halali za mahali pengine. Dakika 0.450 ni sekunde 27, si 45, na dakika 0.300 ni sekunde 18, si 30. Gari likaenda kusimama takriban mita 550 kusini na mita 370 mashariki ya pale tulipokuwa, na kwa kuwa mkonge ule ulikuwa umekua kupita urefu wa mtu, hatukuonana. Tulipoteza karibu dakika 40 tukipiga honi, huku mgonjwa akiwa amelala juani.

Siku ile hakuna kifaa kilichokuwa kibovu. Sisi ndio hatukuwa tumekubaliana namna moja ya kuandika namba, na hilo ndilo la kwanza ninalowaomba wenzangu: kabla ya kuwasha injini, vifaa vyote vya msafara vipangwe kwa mtindo mmoja, kisha kila mmoja asome kwa sauti namba za mahali mlipo, pamoja na dereva wa gari la msaada. Wanaotumia ramani za karatasi za zamani za mizani ya 1:50,000 waangalie jambo jingine zaidi. Ramani hizo zilichorwa kwa msingi wa vipimo uitwao Arc 1960, ilhali kifaa cha GPS hutoka kiwandani kikiwa kimepangwa kwa WGS 84, na kuchanganya misingi hiyo miwili huku kwetu huleta tofauti ya mita 300 hivi.

Nikirudi kwenye ununuzi, swali ninaloulizwa mara nyingi ni kwa nini mtu asitumie simu yake tu. Simu si kitu cha kudharauliwa. Wengi hudhani kwamba bila bando GPS haifanyi kazi, na dhana hiyo si sahihi, kwa maana simu hupokea mawimbi ya satelaiti moja kwa moja. Kinachohitaji mtandao ni ramani, nayo inaweza kupakuliwa nyumbani kabla ya safari kwa programu kama OsmAnd inayotumia ramani za bure za OpenStreetMap. Udhaifu wa simu uko kwingine. Jua la mchana huipasha moto hadi ikajizima, skrini yake haisomeki vizuri mwangani, na kidole chenye tope au glavu hakiiamrishi. Aidha, mwaka 2021 kampuni ya Apple yenyewe iliwatahadharisha wateja kwamba mtikisiko wa injini kubwa za pikipiki unaweza kuharibu kamera za simu zake zinapofungwa kwenye usukani. Kwa hiyo mimi hubeba simu mfukoni kama akiba, na kwenye usukani hufunga kifaa kilichotengenezwa kwa kazi hiyo.

Katika kifaa hicho ningetazama umeme kabla ya kitu kingine chochote. Vile vinavyotumia betri ndogo za kubadilisha vina faida kwamba betri hizo hupatikana hata katika duka la kijijini, lakini juu ya njia ya mawe betri hurukaruka ndani ya kisanduku chake, zikapoteza mguso, na kifaa kikazimika bila mwenyewe kujua. Ni bora kifaa kipate umeme wa betri ya pikipiki, ambayo ni ya volti 12, kupitia kibadilishi cha kuushusha hadi volti 5 na fyuzi yake. Hapa pana mtego ambao wauzaji hawausemi. Kifaa chenye alama ya IPX7 huhimili kuzama katika maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30, ila ahadi hiyo huwa na maana pale tu kifuniko cha mpira cha tundu la waya kinapokuwa kimefungwa. Mtu akichomeka waya huku anavuka mto, tundu liko wazi. Kwa sababu hiyo ningelipa zaidi kupata kishikio chenye viunganishi vyake vya umeme vilivyozibwa. Na baada ya kupita ufukweni kifaa kioshwe kwa maji yasiyo na chumvi, maana chumvi hula viunganishi polepole.

Wanaopanda milima ya Usambara na pembezoni mwa msitu wa Amani wachague kifaa kinachopokea pia satelaiti za GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China, si zile za GPS ya Marekani peke yake, kwa kuwa majani mazito na kingo za mabonde huziba sehemu kubwa ya anga, nacho kifaa kinahitaji kuziona satelaiti zisizopungua 4 ili kitoe mahali na kimo kwa usahihi.

Kuhusu matumizi, kurekodi njia kuanze pale mnapoanzia safari, si mtakapopotea, ili kifaa kiweze kuwarudisha juu ya nyayo zenu wenyewe. Mkisimama, msiuamini mshale wa kifaa kisicho na dira ndani yake, kwani huonyesha mwelekeo pale tu mnapotembea. Na sisi watu wa pwani tukumbuke kwamba njia iliyorekodiwa wakati maji yamekupwa haijui bamvua, yaani maji makubwa. Njia nzuri ya mchangani asubuhi inaweza kuwa chini ya maji alasiri, na mikokoni pikipiki hunasa upesi. Jedwali la maji kujaa na kupwa lisomwe pamoja na ramani. Hali kadhalika, wanaoelekea kusini mwa Pangani waweke katika kifaa mstari wa mpaka wa Hifadhi ya Taifa ya Saadani, kwa sababu ndani yake hatupaswi kuingia na pikipiki zetu kiholela, na katika ufukwe wa Madete kasa hutaga mayai.

Mwisho nina ombi kwa wenye maduka. Niliuziwa kifaa katika duka moja nikaambiwa kina ramani ya dunia nzima. Nilipokifungua nyumbani, Tanga yote ilikuwa barabara kuu chache na eneo tupu, na muuzaji hakunieleza kwamba ramani ya kina ingenibidi niitafute na kuipakia mwenyewe. Tafadhali, mteja akija, kiwasheni kifaa nje ya mlango wa duka, juani, mumwonyeshe Muheza, Kigombe na Pangani kwa ukaribu, na mumwache aone kwa macho yake kama njia anazozijua zimo, kabla hajatoa fedha yake.

Msomaji wenu,
Chumbageni, Tanga