Nyumba za makumbusho ni za wenyeji pia

Ndugu Mhariri,

Ile habari yenu kwamba sisi wenyeji wa Arusha hatuna mwamko wa kutembelea nyumba za makumbusho imeniuma sana, miaka yote nasoma gazeti lenu sijawahi kuandika hata mstari ila hii nimeshindwa kunyamaza. Mwandishi wenu kaona watalii tu getini akaandika hatuendi. Mbona hakuuliza kama tukienda tunapewa pa kukaa?

Nyumba ya Azimio pale karibu na Mnara wa Mwenge haikuanza kama makumbusho. Ulikuwa ukumbi wa wananchi, na humohumo Halmashauri Kuu ya chama cha TANU ilikaa tarehe 26 hadi 29 Januari 1967, tarehe 5 Februari Mwalimu Nyerere akalitangaza Azimio la Arusha, lile la ujamaa na kujitegemea. Makumbusho imekuja 1977. Na Boma la Mjerumani la mwaka 1900, ambalo nalo sasa ni makumbusho, walilijenga Waarusha na Wameru kwa kulazimishwa. Kwa hiyo hizi nyumba zilikuwa zetu kabla ya tiketi.

Sasa sizisemi hizo mbili, nasema nyumba nyingine ya zamani humu mjini ambayo siitaji. Kikundi chetu cha vikoba tuliomba baraza yake Jumamosi mchana, tuna bibi mmoja mwenzetu ambaye mwaka 67 alikuwa msichana, tukataka awasimulie watoto wa mtaani habari za Azimio na za yule kijana Seth Benjamin aliyefia njiani akitembea kwa miguu kutoka Arusha kwenda Dar kuliunga mkono, mtaa wenye jina lake watoto wanaupita na hawajui alikuwa nani. Barua tukaandika, muhuri wa serikali ya mtaa ukagongwa, tukajibiwa njooni. Tunafika na watoto, viti vya kukodi juu ya guta, chai kwenye chupa, mlinzi anasema mama leo kuna kicheni pati, nyie mmeshatolewa. Nampigia yule aliyeturuhusu, hapokei. Bibi wa watu kasimama juani kaegemea fimbo, ndani wanafunga mapambo, spika zinajaribiwa, na baraza tuliyoomba imejaa kreti za soda!! Nikaomba hata lisaa limoja pembeni, jibu likawa wenzenu wamelipia. Watoto wakarudi hawajasikia chochote, na bibi nikimgusia mpaka leo ananiambia achana nao mwanangu.

Na kumbi zenyewe ndo hivyohivyo, kila ukumbi mjini ni sendofu na harusi, muziki mpaka usiku wa manane, mwenye mgonjwa ndani atakoma. Sisi vikoba tunakutana uani kwa mtu, msiba ukitokea turubai linafungwa barabarani, na viwanja vya watoto vimegeuzwa fremu za maduka.

Naomba hivi, kila Alhamisi kuanzia saa nane mchana mpaka saa kumi na mbili jioni nyumba za makumbusho zifungue baraza na uwanja wake bure kwa wenyeji. Yawepo mabenchi marefu ya mbao, pipa la maji ya kunywa, choo kisipigwe kufuli, na daftari la kujiandikisha likae kwa mwenyekiti wa mtaa, lisikae kwa mlinzi. Sherehe za kulipia zipangwe siku nyingine. Bibi yetu bado anakumbuka kila kitu lakini umri umekwenda, kwa hiyo hili lisingoje bajeti ya mwaka ujao.

Mama wa vikoba,
Ngarenaro, Arusha