Nyimbo za George Jones na Tammy Wynette si shajara ya ndoa yao

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nitoe maoni kuhusu namna watangazaji wetu wa vipindi vya muziki wa kantri vya Jumapili, na hata baadhi ya waandishi wa kurasa za burudani, wanavyozieleza nyimbo ambazo waimbaji wa Marekani George Jones na Tammy Wynette, waliokuwa mume na mke, waliziimba pamoja. Kila zinapopigwa, wasikilizaji huambiwa kwamba wawili hao walikuwa wakisimulia tu mambo ya nyumbani kwao: walipopendana waliimba mapenzi, walipokosana waliimba ugomvi. Hadithi hiyo ni tamu, ila tarehe zinaikataa.

Walioana Februari 1969, lakini albamu yao ya kwanza ya pamoja, "We Go Together", haikutoka hadi 1971, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na mkataba na kampuni yake ya kurekodi muziki, na ilibidi Jones kwanza aondoke Musicor na kujiunga na Epic, alikokuwa mkewe. Kazi hiyo ilisimamiwa na Billy Sherrill, mtayarishaji wa Nashville aliyeelewa vyema kwamba mashabiki wangependa kuichungulia nyumba ya mastaa wao. Mwaka wa 1972 ukatoka "The Ceremony", wimbo ambamo sauti ya mhubiri inawaongoza katika viapo vya arusi nao wanamjibu kwa kuimba. Anayeusikia leo kwa mara ya kwanza atadhani anahudhuria arusi yao, ilhali wakati huo walikuwa tayari mume na mke kwa miaka mitatu. Huo ni mchezo wa kuigiza, tena umeigizwa vizuri mno.

Nakubali kwamba "We're Gonna Hold On" wa 1973 unawapa watangazaji hao hoja, maana Jones mwenyewe ni mmoja wa watunzi wake, na ulevi wake ulikuwa umeitikisa ndoa hiyo kweli. Lakini talaka ilikamilika 1975, na katika nyimbo zao tatu za pamoja zilizofika nambari moja katika chati ya kantri ya Marekani, mbili, yaani "Golden Ring" na "Near You", zilitoka baada ya hapo. Wa pili ulikuwa wimbo wa miaka ya 1940, Wynette akiwa bado mtoto.

"Golden Ring" wa 1976 ndio unaonikera zaidi unapoelezwa vibaya. Uliandikwa na Bobby Braddock na Rafe Van Hoy, na mhusika wake mkuu ni pete iliyowekwa katika duka la rehani huko Chicago: vijana wawili wanainunua, inavishwa kanisani, inatupwa siku ya ugomvi, kisha inarudi dukani kungoja wengine. Waimbaji hawajitaji wenyewe; "mimi" na "wewe" ni maneno ya wahusika wa wimbo tu. Wanasimulia habari za watu wengine, na usimulizi huo wa utulivu ndio unaoumiza. Jones, ambaye alipoimba peke yake alipenda kulivuta neno moja hadi lipinde, hapa anajizuia ili aende sambamba na Wynette katika kiitikio. Kujizuia huko ni ufundi, na kunaomba sikio makini kuliko umbeya wa nani alimwacha nani.

Isitoshe, mwaka wa 1995, miaka 20 baada ya talaka na kila mmoja akiwa na ndoa nyingine, walirudi studio wakarekodi albamu ya "One".

Ombi langu kwa watangazaji ni dogo: kabla ya kuupiga wimbo, watutajie mwaka uliotolewa na majina ya watunzi wake. Braddock na Van Hoy nao wanastahili kusikika redioni kwetu, walau kwa majina.

Mpenzi wa kantri,
Nakuru