Barua kwa mwanangu aliye Berlin

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, ya tatu nikiwa jikoni na mlango nimeufunga. Mwalimu wako wa ngoma kakwambia uchezaji wako hauna Uafrika wa kutosha, nawe umelia ndani ya treni. Nimeumia, mama. Nilitaka kupiga simu papo hapo, nikaona bora niandike, maana kwenye simu tungelia wote wawili.

Umeniuliza nimeona nini katika ile video ya Melati Suryodarmo, yule msanii wa Indonesia. Nimeona mwanamke wa gauni jeusi na viatu vyekundu vya visigino virefu, kapanda juu ya vipande vya siagi vilivyopangwa sakafuni. Ngoma zinalia. Anaanza polepole, kiuno na mikono, na siagi inalainika chini ya viatu. Mguu unateleza, anaanguka kwa kishindo, ubavu mzima. Anainuka, anacheza, anaanguka tena, mpaka gauni linang'aa mafuta. Kila akianguka najikuta nimesema "Yarabi!" peke yangu. Dakika 20 hivi, kisha anaondoka zake.

Nikatafuta habari zake. Kazaliwa 1969 Solo, kisiwani Java, na mwaka 1994 akahamia Ujerumani. Huko Braunschweig akasoma kwa Anzu Furukawa, Mjapani wa butoh, ngoma ya kisasa ya kwao, kisha kwa Marina Abramović, msanii anayetumia mwili wake mwenyewe kuwa sanaa. Baba yake, Suprapto Suryodarmo, alikuwa mwalimu wa mwendo wa mwili. Wazungu walikuwa wakimfuata mpaka kwake Solo kujifunza.

Na Solo ndio mji wa kasri ambamo wanawake 9 hucheza bedhaya ketawang, ngoma ya kifalme, mara moja kwa mwaka, siku ya kukumbuka kutawazwa kwa mfalme, polepole hata mgeni anaweza kudhani wamesimama tu. Wako wangapi Ulaya waliotaraji binti wa mji huo awajie na maua kichwani na ile shali ya kiunoni waiitayo sampur? Yeye kawajia na siagi. Lakini zile ngoma, mwanangu, ni za Makassar, Sulawesi. Nimekasirika kusikia kuna watu walizitoa kwenye video wakabandika wimbo wa mapenzi, ikazunguka mitandaoni watu wakicheka. Ukizitoa, kinachobaki ni mwanamke anayeteleza.

Mtafute na Rianto, mchezaji ngoma, mtoto wa Banyumas huko huko Java, anayeishi Tokyo. Yeye kaibeba lengger ya kwao, ngoma ambayo mwanamume huucheza mwili wa kike, na hajaiacha ugenini.

Sasa bibi yako. Wewe ulimkuta mtu mzima wa barazani. Lelemama yake, ile ngoma ya wanawake wa pwani, hukuiona. Mimi niliiona, nina miaka saba, arusini. Wamejipanga safu, kanga sare, na mimi naona hawachezi. Nikamfuata baadaye nikamwuliza, mbona hamkucheza? Akanishika mkono, akakizungusha kiganja changu taratibu kutoka kwenye kifundo, mpaka nikahisi mshipa unavutika. "Hapa," akasema. Hakuongeza neno.

Katika kipande chako cha mtihani ulichonitumia, dakika ya tatu, umeanguka chali na mwili mzima umetulia. Kiganja cha kulia kikazunguka. Hukufundishwa na mtu, mimi mwenyewe sikukufundisha. Nimerudisha nyuma sijui mara ngapi, nikamwita shangazi yako, naye alipoona akakaa chini.

Mwalimu wako hakukiona. Usikiongeze ukubwa ili akione.

Kuna mtu anasafiri Jumanne, nimempa kanga mbili za bibi yako. Si za kupanda nazo jukwaani, za kulalia. Huko baridi.

Mama yako