Asbesto haiko kwenye mapaa tu

Mhariri,

Kila asbesto, yale madini ya nyuzinyuzi, inapozungumzwa, picha inayowekwa ni ya paa kuukuu. Sina ugomvi na picha hiyo, maana hatari ya paa linalovunjwa ni ya kweli. Naomba tu, siku moja, mweke picha ya chumba cha boila, mtambo wa kuchemsha maji yawe mvuke. Sisi mafundi wa mvuke tumelivuta vumbi la asbesto kwa miaka, na wengi wetu hata leo hawajui kwamba wamelivuta.

Asbesto haiungui na huzuia joto, ndiyo maana mitambo ya mvuke ya zamani imejaa asbesto. Bomba lilivishwa koti gumu jeupe kama plasta. Koti hilo angalau watu huliogopa, kwa sababu likivunjika vumbi linaonekana. Isiyoogopwa ni gasketi, kile kipande bapa cha kuziba maungio ya mabomba. Ikikaa miaka mingi kwenye joto kati ya flanji mbili, yaani midomo ya mabomba inayofungwa kwa bolti, hung'ang'ania chuma utadhani imechomelewa. Mimi nilifundishwa kuitoa kwa brashi ya waya, na ikikataa, kwa grenda, hadi uso wa flanji ung'ae. Kisha tulipuliza kwa hewa ya kompresa tuone kama pamesafika. Pakingi ya shina la valvu, ile kamba iliyosokotwa ya kuzuia mvuke usivuje, tuliichokoa kwa ndoano na kuipukuta mkononi. Iliyokauka ilisagika vidoleni. Fundi aliyenifundisha alikuwa hodari na mwenye roho nzuri. Hakuwa akinidanganya, hata yeye hakuambiwa.

Nyuzi zinazoumiza ni ndogo mno kuonekana kwa macho. Hazinuki wala haziwashi, na jioni unarudi nyumbani mzima kabisa. Asbestosi (makovu ya mapafu yanayoletwa na vumbi hilo), saratani ya mapafu, na mesothelioma, yaani saratani ya utando unaofunika mapafu, huchukua miaka 20, 40, pengine zaidi, kujitokeza. Kwa hiyo fundi huugua akiwa amestaafu, na swali la kwanza la daktari huwa ni kama anavuta sigara. Swali zuri, kwani sigara na asbesto zikikutana hatari ya saratani ya mapafu huongezeka mno. Lakini la pili, "Ulikuwa unafanya kazi gani?", mara nyingi halifuati.

Haya si mapya. Uingereza iliweka kanuni za vumbi la asbesto mwaka 1931, zikilenga hasa viwanda vilivyotengeneza bidhaa zake. Mwaka 1960 watafiti wa Afrika Kusini walionyesha uhusiano wa asbesto na mesothelioma. Shirika la Kazi Duniani lina mkataba wake, namba 162 wa mwaka 1986. Nchi nyingi zimeshapiga marufuku, lakini marufuku huzuia ya kesho. Iliyokwisha kufungwa kwa bolti iko palepale, ikimsubiri atakayeifungua.

Hapa ndipo ninapogombana na wenye mitambo. Utasikia, "Hiyo tulishaondoa." Walichoondoa ni koti la nje, wakaweka sufu ya madini, tena wakati mwingine juu ya mabaki ya lile la zamani. Gasketi na pakingi hazikuguswa. Na kwa kutazama tu huwezi kujua: sampuli lazima ipimwe kwa darubini maabara. Mwenye mtambo ndiye anayepaswa kumpa fundi orodha ya mahali asbesto ilipo kabla spana haijashikwa, na pasipojulikana pachukuliwe kuwa ipo. Flanji ilowanishwe, gasketi itolewe ikiwa nzima kadiri inavyowezekana, grenda na kompresa zikae mbali. Vumbi lisifagiwe, livutwe kwa mashine yenye kichujio maalumu. Kitambaa puani ni kujifariji tu.

Halafu kuna ovaroli. Zangu nilizibeba nyumbani, na mke wangu alizikung'uta kabla ya kuzifua. Kwa miaka mingi. Hakuwahi kukanyaga chumba cha boila.

Mwezi ujao naenda kupimwa mapafu, naye nimemshawishi tufuatane. Nimemwandalia daktari orodha ya mitambo yote niliyowahi kufungua, na miaka yake. Imejaa kurasa mbili, na bado naikumbuka mingine.

Fundi boila mstaafu