Kwa shoga yangu aliye Lamu

Likoni, Mombasa

Shoga yangu Mwanaisha,

Barua yako imenifika, na swali lako limenikaa rohoni: usiku uko peke yako wodini, hujui dawa yaingizwa vipi, waenda wapi?

Sote twaanza kwa aliye karibu. Wamuuliza mwenzako wa zamu, akujibu, kazi yaendelea. Si uvivu, wagonjwa ni wengi. Lakini mwenzako hukupa alivyozoea, na alivyozoea huenda hakuna aliyemsahihisha.

Mwezi uliopita tulimpokea kijana mwenye kifafa kisichokatika. Daktari akaandika fenitoini ya mshipani. Dripu ya glukosi ilikuwa ikipita, na mwenzangu akaniambia, "Pitisha hapo hapo, Sista." Dawa nilikuwa nimeshaivuta kwenye sindano. Moyo ukakataa. Nikakitoa kikaratasi cha ndani ya boksi, herufi ndogo kama punje za ufuta, nikakisoma kwa tochi ya simu. Fenitoini haipatani na glukosi, hugeuka chembechembe. Maji ya kuichanganyia ni ya chumvi, mpira wa dripu usafishwe kwa maji hayo kabla na baada, na kwa mtu mzima isizidi miligramu 50 kwa dakika, kwani ikienda mbio huteremsha presha na kuvuruga mapigo ya moyo.

Nikampigia mfamasia wa zamu kuhakikisha. Hakununa kuamshwa. Swali lake la kwanza lilikuwa uzito wa mgonjwa, la pili anatumia dawa gani nyingine. Kwa hivyo shoga, kabla hujapiga simu, faili liwe wazi mbele yako.

Asubuhi, dawa iliyobaki kichupani nikaitia kwenye kikombe cha glukosi, mwenzangu akiangalia. Maji yakaingia ukungu mweupe. Alinyamaza kitambo, kisha akasema amefanya hivyo miaka. Nilimwonea huruma, wallahi. Hakuna aliyemfundisha vingine.

Kwa watoto, usikiache kile kijitabu cha Wizara ya Afya cha matibabu ya watoto, chaingia mfukoni na dozi zimepangwa kwa uzito. Kwenye intaneti usichukue la kwanza unaloliona. Tazama ni nani aliyeandika na lini.

Ijumaa mdogo wako akirudi huko nitampa daftari. Nimekunakilia kurasa sita za dawa zetu za kila siku, na kando ya kila jibu nimeandika nimelipata wapi na tarehe. Ukikuta kosa, niandikie upesi, nami nirekebishe langu.

Msalimie mama sana.

Wako,
Zuhura