Wazungumze, lakini nasi tuwepo

Mhariri,

Kila viongozi wakiulizwa kuhusu Al-Shabaab, jibu ni lile lile: hatuzungumzi na magaidi. Ni rahisi kulisema ukiwa Nairobi. Huku Lamu tumesafiri kwa misafara ya polisi, na baada ya wanajeshi wetu kuingia Somalia Oktoba 2011, wavuvi walikatazwa bahari usiku kwa miaka kadhaa. Jarife, wavu wetu wa kuvulia, hutegwa magharibi likatolewa alfajiri. Ukimkataza mvuvi usiku, umemkataza kazi yenyewe.

Sisemi wauaji wasamehewe. Mpeketoni, Juni 2014, waliuawa watu zaidi ya 60, na familia zao bado zinadai haki. Lakini bunduki peke yake haijaufungua msitu wa Boni, wanamojificha wapiganaji hao.

Marekani nao walikula kiapo hicho hicho, kisha wakatia saini mkataba na Taliban wa Afghanistan mjini Doha Februari 2020. Serikali ya Kabul haikuwa mezani, na mwaka uliofuata ikaanguka. Hapo ndipo penye hofu yangu, wala si kwenye mazungumzo. Somalia wenyewe walimteua Mukhtar Robow, aliyewahi kuwa naibu kiongozi wa Al-Shabaab, kuwa waziri wa masuala ya dini mwaka 2022. (Sidhani ni kwa kumpenda.)

Basi siku Nairobi itakapokubali kuketi, wazee wa Kiunga, Basuba na Mpeketoni waitwe mapema, si kuja kusomewa yaliyokwisha kuamuliwa.

Msomaji wako,
Mokowe, Lamu